Urahisi ni wetu, hatari ni ya mteja

Leo nina neno na mafundi wenzangu, na nitaanza kwa kujisuta mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilimwekea mfumo wa mauzo mwenye duka la jumla hapa Nairobi. Kila programu ilipokwama alinipigia simu, nami nikapanda matatu kwenda kubonyeza kitufe kimoja tu. Nikachoka. Nikafungua poti 3389 kwenye ruta yake, yaani ule mlango wa Remote Desktop ya Windows, ili niingie nikiwa nyumbani. Mteja alifurahi. Mimi nilifurahi zaidi.

Wiki iliyofuata nikatazama kumbukumbu za usalama za ile kompyuta. Lo! Usiku kucha kuna mtu anajaribu kuingia: "admin", "administrator", "user", moja baada ya jingine. Wala hakuwa mtu. Ni programu zinazozunguka intaneti zikibisha kila mlango, awe mwenyewe ni benki au muuza unga.

Najua utaniambia, "Neno langu la siri ni gumu." Sawa. Mei 2019 Microsoft ilitoa kiraka cha BlueKeep, kasoro ya Remote Desktop iliyoweza kumwingiza mvamizi bila neno la siri lolote, kwenye Windows 7 na baadhi ya matoleo ya kabla yake. Hata Windows XP, iliyoachwa tangu 2014, ilipewa kiraka.

"Basi nitaweka VPN." Vizuri, lakini VPN si hirizi. Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ilisimamisha bomba lake la mafuta kwa siku kadhaa. Wezi walipitia akaunti ya VPN isiyotumika tena, ambayo hakuna aliyekumbuka kuifunga. Ililindwa na neno la siri pekee. Kampuni ililipa fidia ya dola milioni 4.4 hivi.

Tunapenda kusema tunapima urahisi na hatari. Mizani gani hiyo? Urahisi ni wangu, nisipande matatu. Hatari ni yake: daftari la madeni, hesabu za bidhaa, mshahara wa vijana wake. Siku faili zikifungwa na wezi, mimi nitasema pole. Yeye atafunga duka.

Sisemi turudi kupanga foleni ya matatu. Nilifunga ile poti. Sasa naingia kwa VPN yenye ufunguo na msimbo wa simu, kila mtu ana akaunti yake, na anayeacha kazi yake hufungwa siku hiyo hiyo. Nakala ya data iko kwenye diski inayochomolewa kila jioni. Kuingia kunanichelewesha dakika moja.

Kisha nikamweleza mteja nilichokuwa nimefanya. Alinyamaza, halafu akauliza, "Kwa hivyo muda huo wote duka langu lilikuwa wazi, na ni wewe tu uliyejua?"

Fundi, wa kwako ameshakuuliza? Mwambie kabla hajauliza.