Shoti ya kaunta si deni la meneja

Katika baa nyingi za Tanzania Bara, meneja anaijua tarehe ya mshahara lakini hajui atapokea kiasi gani. Inategemea shoti, yaani pengo kati ya mzigo uliotoka stoo na fedha zilizoingia kaunta. Pengo likionekana, linakatwa kwenye mshahara wake, naye mara nyingi huwabebesha wahudumu wa zamu sehemu yake. Jambo hili limezoeleka mno, hata meneja mpya huambiwa siku ya kwanza pamoja na bei za bia.

Ni uonevu, tena sheria hairuhusu.

Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hakimzuii mwajiri kufidiwa hasara, lakini kinamwekea masharti. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Aelezwe kwa maandishi chanzo chake, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, kisha apewe nafasi ya kupinga. Makato yasizidi hasara halisi, wala robo ya mshahara wake wa fedha. Kumwita mtu ofisini na kumwambia “shoti yako hii” hakutimizi hata sharti moja.

Anayeijua kaunta anajua pia kwamba shoti ina njia nyingi. Chupa ya pombe kali ya mililita 750 hutoa toti 25 za mililita 30. Mkono wa mhudumu ukizidisha mililita 3 tu kila toti, zinatoka 22, na thamani ya toti tatu imepotea bila mtu kuiba chochote. Zipo chupa zinazovunjika wakati wa kushusha mzigo. Yapo pia madeni ya marafiki wa mwenye baa, wanaokunywa wakisema “andika, bosi anajua”. Meneja gani atawakatalia? Mwisho wa mwezi bosi hakumbuki, na jina linalobaki daftarini ni la meneja.

Wizi upo, na wenye baa hawausingizii. Wapo wanaonunua bia nje kwa bei ya jumla, wakaziingiza kimyakimya na kuziuza kaunta ili fedha ziwe zao. Hapo hesabu ya stoo haionyeshi pengo lolote; shoti ni sifuri. Kwa hiyo makato ya shoti humwacha mjanja huyo salama na kumwadhibu aliyevunjikiwa chupa.

Dawa ipo, wala haina gharama kubwa: kipimo cha toti kila kaunta, makabidhiano ya mzigo yenye saini mbili kila zamu, daftari la chupa zilizovunjika, na mkopo usiotolewa bila saini ya mwenye baa.

Kuna haki nyingine pia inayosahaulika. Sheria hiyohiyo inahesabu kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kuwa kazi ya usiku, yenye nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Wahudumu wa zamu ya usiku hufanya sehemu kubwa ya kazi ndani ya saa hizo. Wangapi wanaiona nyongeza hiyo kwenye malipo yao?

Aliyekatwa kinyume cha sheria anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini madai ya aina hii yana siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Aende na nakala za makabidhiano ya zamu na hati za mshahara zinazoonyesha makato.