Ndondo kila jioni, mazoezi sifuri: Ngombezi ijifunze kwa wacheza gofu

KOROGWE. Jua likianza kupoa Ngombezi, vijana waliotoka kwenye mashamba ya mkonge wanakimbilia uwanjani. Wanagawana timu mbili, mpira unawekwa kati, inapigwa mechi mpaka giza. Kesho hivyo hivyo. Mwaka unakatika, na yule winga wa mguu wa kulia tu bado ni wa kulia tu.

Shida iko hapo. Kucheza sana siyo kufanya mazoezi.

Piga hesabu. Mechi ni dakika 90, watu 22, mpira mmoja. Ukigawa sawa kwa sawa, kila mmoja anaambulia kama dakika nne za kuwa na mpira. Hapo hujatoa mpira uliotoka nje, faulo na ubishi wa penalti. Kwa dakika hizo, mguu wa kushoto utajifunza saa ngapi?

Mcheza gofu wa ridhaa analijua hilo. Kiwanja cha kawaida cha mashimo 18 kina kipimo cha mikwaju 72. Kati ya hiyo, 36 imehesabiwa kwa kazi moja tu: kuusukuma mpira shimoni, mikwaju miwili kila shimo. Ni nusu nzima! Ndiyo maana anayetaka kupanda kiwango anaukazania mkwaju mfupi, ule usiopigiwa makofi. Tena ana 'handicap', namba inayomwambia ukweli: ikishuka, yeye amepanda. Sifa za washkaji haziibadilishi.

Mchezaji wa ndondo hana namba. Ana sifa za kijiweni.

Lakini namba anaweza kujitengenezea. Apige mipira 20 ukutani kwa mguu dhaifu, ahesabu mingapi imetulia kwa mguso wa kwanza. Apige penalti 10, ahesabu ngapi zimeenda alikolenga. Aandike kwenye daftari, baada ya wiki nne alinganishe.

Kwa Tanga hili siyo jambo dogo. Msimu wa 2015/16, Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT ya Handeni zilishuka daraja kwa mpigo. Mkoa uliotoa bingwa wa Bara mwaka 1988, Coastal hao hao, ukabaki bila timu Ligi Kuu hadi Wagosi waliporejea msimu wa 2018/19. Timu hushuka kwa mengi, fedha na uongozi vikiwemo. Ila hakuna kocha atakayemchukua kijana wa nyumbani ambaye mpira unamkimbia mguso wa kwanza.

Watasema kibarua amechoka, kocha hakuna, mpira ni mmoja. Kweli kabisa. Ndiyo maana inatakiwa nusu saa tu kabla ya mechi, ukuta na daftari.

Ndondo ibaki, ndiyo raha ya jioni. Ila anayeota Mkwakwani aanze kuwahi uwanjani kabla wenzake hawajafika.