Farasi wa gemu anakula raha, punda wa Kwa Vonza je?

Mpe mtoto wa miaka minane simu kwa dakika kumi tu, na usishangae ukimkuta anamchana farasi manyoya. Gemu za kutunza na kuendesha farasi zimejaa kwenye maduka ya programu za simu, na wenye kompyuta wanaijua Star Stable ya kule Sweden, iliyo mtandaoni kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Kazi ni zile zile. Unamlisha, unamnywesha, unampiga brashi, unamtoa uchafu kwenye kwato, ndipo unapanda na kwenda kushindana.

Sasa inua macho utazame barabara ya Machakos kwenda Kitui ukifika Kwa Vonza. Farasi huoni. Utakayemwona ni punda, ing'oi kwa Kikamba, amebeba mitungi minne ya lita 20. Hizo ni kilo 80 za maji, kabla hujamhesabu kijana aliyejipachika juu ili asitembee.

Wazazi wengi watakuambia gemu hizi ni upuzi na kula bando. Mimi nasema hapana, si zote. Kuna jambo moja zinalolifundisha ambalo sisi wenye punda hatujalifundisha vizuri nyumbani: mnyama ana hali yake, na unafaa kuiangalia kabla hujamtumia. Kwenye skrini kuna kipimo cha njaa, cha kiu na cha usafi. Kikishuka, safari inaharibika. Punda naye ana vipimo vyake, ila havionyeshwi kwa rangi. Masikio yamelala. Mguu mmoja hataki kuukanyagia sawasawa. Kuna kidonda pale kamba inapopita chini ya mkia. Mtoto wa Kwa Vonza anayaona haya kila asubuhi akienda kuteka maji, lakini nani amewahi kumwambia kwamba huo ni ujumbe?

Halafu kuna suala la jina. Gemu nyingi huanza kwa kukuuliza farasi wako ataitwa nani. Jiulize wewe: mbwa wa kwenu anaitwa Simba au Tommy, na punda wenu anaitwaje? Kwetu neno lenyewe limekuwa tusi la kumrushia mwanafunzi aliyefeli.

Tusizisifu kupita kiasi, lakini. Farasi wa simu hazeeki, hafi, na kazi yake ni kukufurahisha. Ukichoka kumtunza unanunua vito, na vito hivyo hulipiwa pesa halisi za mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mzazi akubali kwanza kabla taarifa za mtoto kuchukuliwa, ila wewe unajua jinsi mambo yalivyo: kile kisanduku cha kuthibitisha umri kinabonyezwa na kidole cha mtoto mwenyewe. Hapo mzazi hana budi kukaa karibu.

Lakini kilichonifanya niandike haya si vito. Ni kwamba punda wenyewe wanapungua. Kuanzia 2016 vichinjio vya punda vilifunguliwa nchini, vikafika vinne: Mogotio, Naivasha, Lodwar na Machakos, ambayo ni jirani yetu hapa. Soko lilikuwa China, ambako ngozi huchemshwa kutengeneza dawa ya kienyeji iitwayo ejiao. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 hivi, ile ya 2019 ikapata kama milioni 1.2. Utafiti wa shirika la KALRO uliotoka 2019 ulionyesha wanachinjwa haraka mara tano hivi kuliko wanavyoongezeka. Si ajabu, maana punda jike hubeba mimba karibu mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja. Ukimaliza kundi leo, hulirudishi kesho.

Februari 2020 aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Peter Munya, akapiga marufuku uchinjaji. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusitisha biashara ya ngozi za punda bara zima. Poa kabisa, kwenye karatasi. Mwizi anayefungua zizi saa nane za usiku hasomi maazimio ya Addis Ababa. Na punda akiibwa, maji hayajileti nyumbani. Mitungi inahamia mgongoni kwa mama na kwa msichana ambaye angekuwa darasani.

Na usidhani farasi atakuja kuziba pengo. Kuna ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na vijidudu warukao vidogo kuliko mbu. Unawaua farasi wengi, ilhali punda kwa kawaida hustahimili. Mnyama mnayemcheka ndiye anayeiweza nchi hii.

Ndiyo maana nawageukia ninyi mlio Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, SEKU, ambacho kampasi yake kuu iko papo hapo Kwa Vonza na kilipata hati yake 2013. Mnao wanaosoma kompyuta, mnao wanaosoma kilimo na mifugo, na wote mnapishana na punda mkielekea darasani. Mnangoja Wasweden wawatengenezee gemu ya ing'oi? Msiseme Mkenya hawezi. Wesley Kirinya alitengeneza The Adventures of Nyangi hapa nchini miaka mingi iliyopita, vifaa vikiwa haba kuliko mlivyo navyo sasa.

Iwe gemu ndogo, inayokubali simu ya bei nafuu na isiyodai bando kila dakika, kwa Kikamba na Kiswahili. Mchezaji aanze kwa kumpa punda jina. Kabla ya safari ya kwanza aguse mgongo, akague kwato, aweke gunia laini chini ya kamba. Kisima kiwe mbali kweli, jua liwe la Kitui. Zizi lisipofungwa usiku, asubuhi punda asiwepo, na mchezaji abebe mtungi mwenyewe njia nzima, polepole, mpaka akome. Na pale gemu nyingine huweka duka la vito, ninyi wekeni mtungi wa tano. Akiubonyeza, punda alale chini akatae kuamka.