Dang'a mbichi si dawa

Watu wa Vigwaza hawahitaji kufundishwa thamani ya maziwa. Ranchi ya Ruvu, mali ya kampuni ya taifa ya NARCO, iko huko huko, na kuona ng'ombe wakichungwa karibu na barabara kuu ya Morogoro ni jambo la kawaida. Lakini ipo imani, huko na kwingineko kwenye mifugo, inayopaswa kupingwa waziwazi: kwamba dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya ng'ombe aliyetoka kuzaa, ni dawa ikinywewa mbichi, na kwamba kuichemsha ni kuiharibu.

Imani hiyo inadumu kwa sababu nusu yake ni kweli. Dang'a ina protini, vitamini A na kingamwili nyingi kuliko maziwa ya kawaida. Huko Bangladesh, watafiti waliwapa watoto wenye kuhara kwa virusi vya rota dang'a ya ng'ombe waliochanjwa makusudi, na ikawasaidia. Ila ile ilitayarishwa na kupimwa kitaalamu. Haikukingwa kwenye kibuyu zizini.

Kwanza kabisa, mwenye dang'a ni ndama. Huzaliwa karibu bila kinga yoyote, kwa sababu kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili. Hana budi kuzinyonya, tena upesi: utumbo wake huanza kuziba saa chache baada ya kuzaliwa, na baada ya saa 24 hazipiti tena. Ndama wa kilo 25 anahitaji kama lita mbili na nusu, hasa ndani ya saa sita za kwanza. Ng'ombe wa kienyeji ana dang'a kidogo. Anayekinga kikombe chake mapema anamdhulumu ndama, kisha ndama huyo akianza kuhara na kufa, mvua ndiyo inayolaumiwa.

"Lakini ng'ombe wangu mzima," husema mtetezi. Jibu lilipatikana Malta mwaka 1905, Themistocles Zammit alipogundua kwamba mbuzi wasio na dalili yoyote walikuwa wamebeba vijidudu vya bruselosi, na maziwa yao ndiyo yaliyokuwa yakiwaangusha askari wa Kiingereza kwa homa. Kwa ng'ombe ni vilevile. Mwenye bruselosi, ule ugonjwa wa kutupa mimba, humwaga vijidudu kwa wingi zaidi wakati wa kuzaa, yaani wakati huohuo wa dang'a. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita kwenye maziwa mabichi.

Ni kweli moto huvunja kingamwili nyingi. Mtu mzima hapotezi kitu cha kulilia: protini, madini na vitamini A hubaki. Dang'a ikichemka huganda, na wengi huona imeharibika. Wahindi huipika kwa mvuke pamoja na sukari na iliki hadi ishikane, na huiita *kharvas*, kitamu cha wageni. Ndama akishiba, kinachobaki kipikwe hivyo. Mtoto wa chini ya miezi sita asipewe kabisa. Yake ni ya mama yake.

Na aliyekwisha kuinywa mbichi, kisha akapata homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, huku kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, amwambie daktari kuhusu maziwa hayo. Tiba ya bruselosi ni dawa mbili kwa pamoja, na kwa kawaida huchukua wiki sita.