Mtoto wa Staa Kapata Waziri, wa Jirani Je?

Wiki nzima mjini stori ni moja tu: staa wa Bongo Fleva na mzazi mwenzake wanarushiana vijembe kisa matunzo ya mtoto. Mama kaanika risiti za ada, baba kajibu laivu usiku wa manane, mashabiki wakagawana timu. Waziri akatagiwa mpaka basi. Haikupita siku ya tatu, maofisa ustawi wa jamii wakawaita wote wawili, na mitandao ikashangilia: "Serikali iko kazini!"

Haya, iko kazini. Sasa yule mtoto wa chumba cha uani, anayechapwa na waya kila akimwaga maji, asiye na mtu wa kumrekodi wala wa kumtagia, yeye anaitiwa nani?

Maana tatizo la Bongo si kukosa sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ipo, na kifungu cha 95 kinampa kila mwanajamii jukumu la kutoa taarifa kwenye serikali ya mtaa akijua haki za mtoto zinavunjwa, au mzazi mwenye uwezo anagoma kumlisha, kumvisha, kumtibu au kumsomesha. Ofisa ustawi anamwita mhusika, wanakaa, wanaongea. Akikaidi, shauri linakwenda Mahakama ya Watoto. Polisi nako kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Na namba 116 ni bure, haitaki hata bando.

Njia zote hizo zipo bila mtu kuwa na wafuasi milioni. Kwa nini basi watu wanakimbilia kurekodi? Kwa sababu wengi walishakwenda kwa mjumbe wakaambiwa, "Hayo mambo ya kifamilia, kayamalizeni nyumbani." Ukishajibiwa hivyo, simu ndiyo inabaki kuwa ofisi yako. Na ukweli usemwe, wapo watoto waliopona kwa sababu jirani alibonyeza kitufe.

Lakini ulinzi unaosubiri video unawaacha walio wengi. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Wangapi kati yao walikuwa na video? Mambo haya mara nyingi hufanywa na mtu anayefahamika, mlango umefungwa, tena mtoto kashatishwa asiseme.

Na hata huyo aliyeonekana, anaonekana vibaya. Sura yake, majeraha yake, wakati mwingine hadi sare ya shule, vyote viko hadharani. Mkosaji atamaliza kifungo chake, lakini klipu haina kifungo. Siku mtoto anaingia kidato cha kwanza, kuna mwenzake ataitoa simu na kuuliza, "Kumbe ni wewe?"

Halafu kuna kile kipande ambacho hakitrendi kabisa. Mtuhumiwa kakamatwa, kiongozi kapiga picha na mtoto, watu wamehamia kwenye ubuyu mwingine. Jioni ile mtoto analala wapi? Kama aliyekamatwa ndiye aliyekuwa analeta unga, kesho anakula nini? Nani anamfuatilia akirudi kwa bibi kijijini? Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya ustawi wa jamii, na haina kiki.

Kwa hiyo viongozi wanaoposti mtuhumiwa akiwa chini ya ulinzi wabanwe na swali moja: baada ya miezi mitatu, mtoto yuko salama? Wajibu bila jina, bila sura. Na mjumbe anayemrudisha mtu nyumbani na taarifa yake awajibishwe, kwa sababu video nyingi zinaanzia mlangoni kwake.

Mashabiki nao wasijivue. Mtu anajua ada ya mtoto wa staa mpaka senti, ila kilio cha nyumba ya pili anakizima kwa kuongeza sauti ya redio. Mtoto wa staa ana mama mwenye simu na mawakili. Huyo wa ukuta wa pili ana jirani tu.

Leo usiku akilia tena, nani atapiga 116?