Ngozi Iliyokufa Haingojwi

Ndugu msomaji, mtu aunguapo vibaya kwa moto au kwa maji yachemkayo, twadhani kwamba moto ukizimwa adui amekwisha. Sivyo. Mwilini hubaki adui wa pili, nayo ni ngozi iliyokufa. Ngozi hiyo haina damu wala uhai. Vijidudu huifanya makao, kisha huingia katika damu na kumwua mgonjwa siku kadhaa baada ya ajali, wakati ambapo jamaa wameanza kutumaini.

Zamani madaktari wengi walingoja ngozi hiyo ibambuke yenyewe, yapata wiki tatu, ndipo wapandikize ngozi nyingine. Wagonjwa wengi hawakuifikia siku hiyo. Katika mji wa Maribor, Yugoslavia ya wakati ule na Slovenia ya leo, daktari mwanamke aitwaye Zora Janžekovič alikataa kungoja. Katika miaka ya 1960 alianza kuikata ngozi iliyokufa, tabaka kwa tabaka, kati ya siku ya tatu na ya tano, mpaka afike penye nyama hai itokayo damu. Hapo hapo alipafunika kwa ngozi nyembamba iliyotolewa mahali pazima pa mgonjwa mwenyewe. Mwaka 1970 alichapisha habari za kazi yake, na madaktari wa nchi nyingine wakaenda kujifunza kwake.

Upasuaji huo hautangulii yote. Kwanza mgonjwa hutiwa maji mshipani, kwa sababu mwili ulioungua hupoteza maji mengi. Tena, wakati wa kukata, damu nyingi huweza kumwagika. Kwa hiyo daktari akishauri upasuaji wa mapema, usiseme kwamba anamwongezea mgonjwa mateso. Muulize unaloliogopa, kisha wakusanye ndugu wakachangie damu.

Nawe nyumbani una wajibu wako. Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yatiririkayo kwa dakika 20, huku ukiukinga mwili uliobaki usipate baridi. Vua pete na nguo zisizoganda. Funika jeraha kwa kitambaa safi, umpeleke mgonjwa hospitali upesi. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala majivu.

Kumbuka, ndugu yangu: siku tatu za kujaribu dawa za jirani ndizo zile zile ambazo daktari angezitumia kumwokoa mwanao.