Mwalimu wa Chekechea Naye Afundishwe Lishe

Kila asubuhi tunamkabidhi mwalimu wa chekechea watoto wetu, tukawafuata mchana. Katika saa hizo mtoto hunywa uji, na kwa wengi huo ndio mlo wa kwanza wa siku. Uji uwe mzito au mwepesi, uwe wa karanga au wa sukari tupu, mara nyingi neno la mwisho ni la mwalimu. Naye tumemfundisha kuimbisha, kuhesabisha na kuumba herufi. Habari ya lishe tumemwachia abahatishe.

Wazee walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nasi tukalifanya neno la adabu peke yake. Kulea ni kulisha pia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Iringa, mkoa wa mahindi, maharage na viazi, ilikuwa na asilimia 56.9. Hapo hatuwezi kusingizia ghala tupu. Chakula kipo, tunachokosa ni kukichanganya vizuri, kukitunza kwa usafi, na nafasi ya mama aliyeshinda shambani kumlisha mtoto mara kwa mara.

Kuna watakaosema udumavu huanzia katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili, na mwalimu humpokea mtoto wakati huo umekwisha pita. Ni kweli. Lakini mtoto wa chekechea ana mdogo wake mgongoni mwa mama, na mama huyo humsikiliza mwalimu. Tena upungufu wa damu haukomi mtoto akitimiza miaka miwili.

Njia ya kumfikia mwalimu tunayo. Taasisi ya Elimu Tanzania ina mfumo wa mtandaoni ambamo walimu husoma masomo ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Taasisi ya Chakula na Lishe ipo tangu 1973. Elimu ya hawa wa pili na ipitie kwa hao wa kwanza, imfikie hata mwalimu wa kituo cha mtu binafsi kule kijijini, kwenye simu yake.

Afundishwe nini? Tuanze na huo unaoitwa unga wa lishe. Watu husaga pamoja mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano na soya, wakiamini kuwa wingi wa nafaka ndio ubora. Ukiondoa soya, ambayo ni jamii ya kunde, nafaka zote hizo ni kundi moja la chakula. Kuziongeza hakumpi mtoto kundi jipya. Soya isiyopikwa vizuri humzuia mtoto kufaidi protini yake, na karanga au mahindi yaliyoota ukungu huleta sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mwalimu ajue kuwa chai pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini, na kwamba kipande cha chungwa kando ya maharage huyaongeza. Ajue kuwa karanga nzima humkaba mtoto mdogo. Ajue kutumia utepe wa kupima mkono: kwa mtoto wa kuanzia miezi sita hadi chini ya miaka mitano, mzunguko usiofika sentimita 11.5 ni wa kukimbilia zahanati siku hiyohiyo.

Hata hivyo simu haikorogi uji. Somo la jioni mtandaoni lifuatiwe na Jumamosi jikoni, afisa lishe wa wilaya akiwapo, na mpishi wa kituo akiwapo, kwa maana mwiko uko mkononi mwake. Masomo yawe ya Kiswahili chepesi, yapakuliwe mara moja na kusomwa hata mahali pasipo mtandao. Gharama ya bando isiwe ya mwalimu ambaye mshahara wake tayari haumtoshi. Halmashauri na wenye vituo waibebe.

Mzazi mwenzangu, kesho ukimpeleka mtoto, muulize mwalimu uji wa leo una nini na ni nani aliyemfundisha kuupika. Akisema hajafundishwa, usimlaumu. Lipeleke jambo hilo kwenye kikao cha wazazi, na mchango wa kwanza uwe wa bando lake.